Jina la Farasi Pekee Halitoshi

Hotuba kwa wapenzi wa mbio za farasi, Nakuru

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliotoka Njoro, Molo, Rongai na hapa mjini, hamjambo. Asanteni kwa kunialika. Naona wengi mmekuja na kalamu mkitarajia niwatajie farasi wa Jumapili, namba kwa namba, mpige ubao picha kisha mwende zenu. Sitafanya hivyo, na si kwa uchoyo. Mtu akikupa jina la farasi bila kukupa sababu, hajakupa kitu. Farasi akishinda hujajifunza lolote, na akishindwa hujui kilichoharibika. Ninachotaka mtoke nacho hapa ni namna ya kuisoma siku nzima ya mbio, toka shindano la asubuhi la farasi wachanga hadi lile la jioni watu wakiwa wamechoka, na kila mnapochagua muweze kusema: namchukua huyu kwa sababu hii na hii.

Ubaoni nimechora kadi ya mfano, yaani orodha ya mashindano ya siku pamoja na farasi wa kila shindano, uzito na geti lao. Farasi wake ni wa kubuni, ila maswali yake ni yale yale mtakayokutana nayo uwanjani Ngong.

Kabla sijaigusa kadi, nizungumze kidogo kuhusu kwetu. Mbio za farasi si jambo geni katika Bonde la Ufa. Enzi za ukoloni Nakuru palikuwa na uwanja wake wa mbio, na Eldoret vilevile. Njoro ndiko alikokulia Beryl Markham, binti wa Charles Clutterbuck, aliyekuwa mkulima na mkufunzi wa farasi. Dunia inamkumbuka kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Sisi wa huku tuna haki ya kumkumbuka kwa farasi kwanza, maana alipata leseni ya ukufunzi akiwa msichana mdogo, na katika maisha yake farasi aliowanoa walitwaa Kenya Derby, shindano kubwa la farasi wa miaka mitatu, mara sita. Pembeni yake, zizini, alikuwepo arap Ruta, kijana wa Kikalenjin aliyecheza naye utotoni na kufanya naye kazi ya farasi ukubwani.

Mbio zile zilikuwa za walowezi, na Mwafrika aliingia kupitia mlango wa zizi. Lakini ukitaka kujua macho ya nani yalimwona farasi kila alfajiri, akila au akikataa kula, akichechemea au akiruka kwa furaha, yalikuwa macho ya saisi, mtunza farasi. Hadi leo ni hivyo. Humu ndani nawaona wazee waliokuwa masaisi, na vijana, nawaomba mkimaliza kunisikiliza muwasogelee. Wanajua mambo ambayo hayaandikwi kwenye kadi yoyote.

Leo mbio zetu ziko Ngong, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1954 kando ya Barabara ya Ngong, mwendo wa kilomita kama 160 kutoka hapa. Kuna jambo moja kuhusu farasi wa Kenya ambalo linamsaidia sana msomaji wa kadi. Farasi wetu wa mbio ni wachache, na wengi wamezaliwa humu humu nchini. Bara letu lina ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, na kwa sababu hiyo kusafirisha farasi kutoka nchi hadi nchi kuna masharti magumu. Matokeo yake ni kwamba farasi wale wale hukutana mara kwa mara. Namba 2 ameshapambana na namba 5, na namba 5 ameshapambana na namba 7. Mtu anayeweka kumbukumbu zake vizuri kwenye daftari la shilingi hamsini ana silaha ambayo mwenzake wa nchi kubwa, yenye maelfu ya farasi, hana.

Haya, kadi.

Shindano la kwanza ni la farasi wa miaka miwili, mita 1000, na nusu yao hawajawahi kukimbia. Hapa sitakaa. Huna rekodi ya kusoma, una jina la baba na mama, jina la mkufunzi, na kile utakachokiona kwa macho. Kama kuna mmoja ambaye ameshakimbia mara moja na kumaliza wa pili au wa tatu, mpe heshima, kwa sababu ameshajua geti la kuanzia mbio ni nini, na kelele za watu hazitamshtua. Mtoto wa farasi akichelewa kutoka getini kwenye mita 1000 huwa amekwisha. Hilo latosha.

Sasa tuje kwenye shindano la tatu, mita 1600, farasi wanane, hendikapu. Hapa ndipo siku ilipo, na hapa ndipo nataka tukae.

Hendikapu maana yake ni kwamba farasi bora hubebeshwa uzito mkubwa na farasi dhaifu hupunguziwa, kusudi wote wafike mwisho wakiwa bega kwa bega. Kuna ofisa ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuangalia kila mbio na kupanga uzito. Kwa hiyo unaposhindana na hendikapu unashindana na akili ya mtu huyo. Swali lako si nani ni farasi bora. Hilo ameshalijibu yeye, na jibu lake liko kwenye safu ya uzito. Swali lako ni: ni farasi gani ambaye ofisa huyu bado hajamjua vizuri?

Tazameni namba 2 na namba 5. Walikutana mwezi uliopita, mita 1600 hizi hizi. Namba 2 alibeba kilo 55, namba 5 akabeba 54, na namba 2 akashinda kwa urefu wa farasi wawili. Leo namba 2 amepandishwa hadi 57 na nusu, namba 5 amebaki pale pale kwenye 54. Mwezi uliopita tofauti yao ilikuwa kilo 1, leo ni kilo 3 na nusu. Namba 5 amepata nafuu ya kilo 2 na nusu.

Kilo hizo ni nini uwanjani? Wapangaji wa uzito hutumia kipimo ambacho mnaweza kukishika kichwani. Kwenye mita 1000, urefu wa farasi mmoja ni sawa na kilo 1.4 hivi. Kwenye mita 1600 ni kama 0.9. Kwenye mita 2400 ni chini kidogo ya 0.7. Mbio zikirefuka, kilo moja inauma zaidi. Sasa gawanyeni: kilo 2 na nusu kwa 0.9 ni karibu urefu wa farasi watatu kasoro kidogo. Namba 5 alishindwa kwa wawili. Kwa hesabu ya karatasi, leo anafika mbele, na kwa chini ya urefu wa farasi mmoja.

Wengi huishia hapo, wanafunga daftari na kwenda dirishani kuweka dau. Msiishie hapo. Karatasi imesema namba 2 alishinda kwa urefu wa farasi wawili, haijasema alishindaje. Joki alikuwa akimpiga kiboko mita 200 zote za mwisho, au alikaa kimya mikono haitikisiki, akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu? Kama alikuwa kimya, wale wawili walikuwa wanne au watano, na kilo za ziada hazitoshi kumzuia. Na namba 5 je? Alikuwa na njia, au alifungiwa kwenye kundi hadi nafasi ilipofunguka mbio zikiwa zimekwisha? Ndiyo maana nasema mtu atazame mbio zenyewe, azitazame tena na tena kama kuna video, na mara ya pili asimtazame mshindi kabisa. Mshindi ameshatazamwa na kila mtu, ofisa wa uzito akiwa wa kwanza. Mtazame aliyemaliza wa nne akiwa anakuja.

Jambo lingine la hendikapu ni mwendo. Hesabu kwenye kadi ni farasi wangapi wanapenda kuongoza. Nyinyi ni watu wa Bonde la Ufa, nanyi mmelelewa na riadha, kwa hiyo hili halihitaji maelezo marefu. Mliona London mwaka 2012, David Rudisha akiongoza mita 800 toka mwanzo hadi mwisho kwa dakika 1:40.91. Na mliona Vienna mwaka 2019, Eliud Kipchoge akizingirwa na wakimbiaji wa kumkinga upepo, akimaliza kwa saa 1:59:40. Farasi wako hivyo hivyo. Yuko anayekimbia vizuri akiwa huru mbele, na yuko anayetaka kujificha nyuma ya wenzake kisha atoke mwishoni. Kwenye kadi yetu kuna mmoja tu wa kuongoza, namba 7, mwenye kilo 51. Hakuna wa kumsumbua. Atajipangia mwendo atakavyo, na joki mwenye akili atampumzisha mbele bila wenzake kugundua. Wangekuwa watatu wa namna yake, ningewafuta wote, maana wangeuana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kona ya mwisho.

Na kona zenyewe zina hesabu yake. Farasi anayezunguka kona ya nusu duara akiwa mita moja nje ya mwenzake anakimbia zaidi ya mita 3 za ziada. Mwili wa farasi una urefu wa mita 2.4 hivi. Ina maana amepoteza zaidi ya urefu wake mzima bila kosa lolote, na akiwa mita tatu nje amepoteza kama mita 9 na nusu. Kwa hiyo namba ya geti isomeni pamoja na umbali wa geti hadi kona. Kona ikiwa karibu, geti la nje ni mzigo. Ikiwa mbali, joki ana muda wa kusogea ndani taratibu.

Chaguo langu kwenye shindano hili ni namba 7 kwa ajili ya mwendo, na namba 5 nyuma yake. Nikigundua kwamba namba 2 alishinda mikono ikiwa kimya, nabadilisha mawazo yote.

Lakini sijamaliza, kwa sababu bado hatujawaona. Kabla ya kila shindano farasi hutembezwa kwenye ringi, na hapo ndipo nawaomba msimame kwenye uzio badala ya kukimbilia soda. Anzeni na mwendo. Farasi aliyelegea vizuri anatupa hatua ndefu, ukwato wa nyuma unatua mbele ya alama iliyoachwa na ukwato wa mbele. Mkiona hatua fupi, ngumu, kuna kitu kinamuuma au amechoka. Angalieni ubavu. Mbavu mbili za mwisho zikionekana kwa mbali chini ya ngozi inayong'aa, huyo yuko tayari, na tumbo likining'inia bado anahitaji kazi. Angalieni masikio. Yakicheza mbele na nyuma, anasikiliza, yumo. Yakilala nyuma muda wote, ana hasira au maumivu. Angalieni jasho. Shingo kulowa kidogo siku ya jua si kitu, ila povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, na kichwa kikirushwa juu huku saisi akivutwa huku na kule, ni nguvu inayomwagika kabla ya mbio.

Hapo kuna tahadhari, na mzee mmoja wa Molo amenitikisia kichwa kabla sijaisema. Mlinganishe farasi na yeye mwenyewe, si na jirani yake. Kuna farasi ambaye huloa kila mara na hushinda hivyo hivyo. Siku atakayokuja mkavu na mtulivu ndiyo siku ya kujiuliza. Hii ndiyo sababu daftari linashinda kumbukumbu ya kichwa: andika alikuwaje aliposhinda.

Kisha mfuateni kwa macho anapokwenda getini. Akitoka kwa mwendo mwepesi wa matiti, ule wa kudunda taratibu, kisha akaingia kwenye mbio za polepole, joki amekaa, hatamu haivutwi, vizuri. Akipigana na lijamu, kile chuma cha mdomoni, kinywa wazi, shingo imepinda, jueni kwamba farasi hupumua kwa pua tu, hawezi kupumua kwa mdomo, na akiwa kwenye shoti, yaani mbio kali, huvuta pumzi moja kwa kila hatua. Anayepigana na joki anavuruga hatua na pumzi kwa pamoja. Kwenye mita 1000 huenda akanusurika. Kwenye 2400 hanusuriki.

Hiyo 2400 ndiyo Derby, na ndiyo sababu watu huvaa nguo nzuri. Ni ya farasi wa miaka mitatu, na hapa uzito haukusudii kuwasawazisha, ila majike hupunguziwa kidogo. Hapa tunamtafuta bora, basi. Ugumu wake ni kwamba karibu wote hawajawahi kwenda mbali hivyo. Wengi watatokea kwenye Guineas, shindano jingine la farasi wa miaka mitatu, la mita 1600, na umati utamfuata aliyeshinda Guineas. Mimi huwa naanza kwingine. Namtafuta aliyemaliza wa tatu au wa nne kwenye Guineas akiwa bado anakuja, masikio mbele, na ambaye baada ya mstari wa mwisho joki alimsimamisha kwa shida. Kisha naangalia mama yake. Ndugu zake wa tumbo moja walishinda mita ngapi? Kama wote walikuwa wa mita 1200, namwacha hata awe mzuri namna gani. Kama kuna waliokwenda 2000 na kuendelea, jina lake napigia mstari. Kwenye kadi yetu huyo ni namba 6. Namba 1, mshindi wa Guineas, ana kasi kuliko wote, na mvua ikiwa imenyesha usiku kucha ardhi ikalainika, kasi hiyo itamezwa na matope katika mita 300 za mwisho. Jua likiwaka wiki nzima, atakuwa mgumu kushindwa, na nitasema hivyo hivyo mbele yenu Jumapili.

Sasa pesa. Nitasema kwa uwazi kwa sababu naipenda michezo hii na nimeona inavyoweza kuvunja nyumba. Pesa ya karo, ya unga, ya kodi ya nyumba, haiingii uwanjani. Anayekopa kwa simu ili aweke dau ashuke kwenye basi kabla hatujaondoka, nitamrudishia nauli yake. Na aliye chini ya miaka 18 aje atazame farasi, awapende, awapigie makofi, dirishani asikaribie.

Kwa anayeweka dau, kumchagua atakayeshinda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni bei. Tuseme kipenzi cha watu analipa shilingi 180 kwa kila 100, dau lako likiwa ndani. Ili usipoteze, farasi huyo lazima ashinde zaidi ya mara 55 katika mbio 100 za namna hiyo. Jiulize kwa dhati: ni kweli ana nguvu hiyo? Katika nchi nyingi zenye mbio za tambarare, kipenzi cha umati hushinda kama theluthi moja ya mbio. Si haba, na si hakika. Sasa namba 7 wetu akilipa 400 kwa 100, anatakiwa kushinda mara 25 katika 100 tu. Mimi namwona kama farasi wa mara 30. Hapo pana sababu ya kufungua mfuko. Akishuka hadi 250, anatakiwa mara 40, na farasi huyo huyo niliyemsifu namwacha apite bila shilingi yangu. Wengi hili huwashinda. Wanasema, lakini ulisema ni mzuri! Ndiyo, ni mzuri, ila bei yake imeharibika.

Mkumbuke pia kwamba dau likiwekwa kwenye kapu la pamoja, pesa zote hukusanywa, sehemu hukatwa ya uendeshaji na kodi, na kinachobaki hugawiwa waliochagua sawa. Kadiri watu wengi wanavyomfuata farasi mmoja, ndivyo kila mmoja anavyopata kidogo. Ndiyo maana huyo anayewauzia vijana majina kwenye simu, mia mbili kwa jina, eti siri kutoka zizini, namkasirikia kwa dhati. Hata kama jina ni la kweli, akishaliuza kwa watu mia tano amelila lote yeye. Na hasemi sababu kamwe. Muulizeni: amebeba kilo ngapi mara ya mwisho? Geti lake ni lipi? Nani mwingine anaongoza? Atawafungia simu.

Shindano la mwisho la siku ni hendikapu ya farasi wa daraja la chini, mita 1400, kumi na wawili, na kila mmoja wao ameshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Sina chaguo hapo, na sitalitafuta. Watu hupoteza hapo faida ya mchana kutwa, au hujaribu kurudisha hasara ya mchana kutwa. Mimi wakati huo huwa nimeshatoka kwenye jukwaa, niko nyuma kwenye mazizi na masaisi, nikiangalia namna farasi wa shindano la tatu wanavyopoa, nani amekula mara tu aliporudi na nani amesimama kichwa chini. Hayo naandika kwa ajili ya safari ijayo.

Nimeacha nafasi ubaoni chini ya shindano la tatu. Anayempinga namba 7 aje mbele hapa na sababu zake, na mzee wa Molo aanze, maana nimemwona akiandika namba 2 toka nilipotaja kiboko.